Pasaka Bila Nyama: Singida na Homa ya Bonde la Ufa, 2007

Pasaka ya mwaka 2007 iliangukia tarehe 8 Aprili, na nyumbani kwa bibi, Iramba, tulikula kuku. Najua msomaji wa Dar es Salaam atashangaa: kwani kuku wa Singida si ndio hao mnaotamba nao, wanaopakiwa kwenye matenga juu ya mabasi kila siku ya Mungu? Ndio hao hao. Lakini sisi kuku tunauza. Sikukuu kwetu ni ng'ombe, au basi angalau mbuzi. Ukiona Mnyiramba anakula kuku siku ya Pasaka na mifugo iko zizini, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa limefunga bucha la mjomba. Lilikuwa chumba kimoja tu pale senta: dirisha la wavu, kulabu nne, mzani na gogo la kukatia. Tangu mwanzoni mwa Machi mlango ulikuwa na kufuli. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo fupi, na kwa kuwa ndiye msomi wa familia, mjomba alipoitikia tu shikamoo yangu akanitupia swali: "Hivi mwanangu, hilo Bonde la Ufa wanalolitangaza redioni liko wapi?" Nikamjibu bila kusita, "Liko Kenya, mjomba." Akatikisa kichwa. "Sasa homa ya Kenya inatafuta nini Iramba?"

Lilikuwa jibu la mtoto aliyekariri ramani ya mikoa. Kenya kulikuwa na mkoa wenye jina hilo, basi nikadhani bonde lote ni lao. Kumbe mjomba alikuwa amekaa ukingoni mwake. Panda treni ya reli ya kati kutoka Dodoma: ukishaipita Bahi na tambarare zake zinazotuama maji, treni inaanza kuhema ikipanda ukuta kuelekea Saranda na Manyoni, na juu ya ukuta huo ndiko ilikojengwa Kilimatinde. Huo ni ukuta wa Bonde la Ufa. Upande wa kaskazini, Iramba yenyewe ni uwanda ulioinuka. Ukishuka Sekenke unatua kwenye tambarare za Wembere, na huko ndiko liliko Ziwa Kitangiri. Jina la ugonjwa lilitoka Kenya, ndiyo. Ardhi inayoubeba tunayo sisi pia.

Jina lilitoka Naivasha. Mwaka 1930 wanakondoo walianza kufa kwa maelfu katika shamba moja karibu na ziwa hilo, na kondoo wenye mimba wakaziharibu. Madaktari wa mifugo wa maabara ya Kabete, Robert Daubney na J. R. Hudson, wakishirikiana na daktari wa binadamu P. C. C. Garnham, waliuchunguza na mwaka 1931 wakachapisha maelezo yake. Kuna mambo mawili katika kazi ile ambayo nadhani yalistahili kukumbukwa zaidi miaka 76 baadaye. La kwanza ni kwamba walitoa majina mawili kwa mpigo: ugonjwa huu waliuita pia ugonjwa wa ini, maana walipompasua mwanakondoo aliyekufa, ini ndilo lililokuwa limeharibika kupita kiasi. La pili: watu waliowashika wale kondoo waliugua homa wao wenyewe. Yaani tangu siku ya kwanza kabisa ilijulikana kwamba huu ni ugonjwa wa mnyama na wa mtu, na kwamba daktari wa ng'ombe na daktari wa watu lazima wakae meza moja.

Kinachofuata ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, ingawa ni ya kutisha. Virusi hivi vinaweza kulala udongoni. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu, pembezoni mwa madimbwi na katika zile mbuga zetu za udongo mweusi, na mbu jike mwenye virusi huweza kuvirithisha ndani ya mayai. Maji yakikauka, mayai hayafi. Yanakaa mwaka, miwili, mitano na zaidi, ng'ombe wakikanyaga juu yake na watoto wakicheza mpira. Siku mvua isiyo ya kawaida inapokuja, mbuga ikajaa na maji yakatuama wiki nzima na kuendelea, mayai yanaanguliwa na mbu wanatoka tayari wana ugonjwa. Wanauma ng'ombe, mbuzi na kondoo. Halafu mbu wa aina nyingine, wakiwemo wale wa Culex, wanachukua kutoka kwa mifugo na kusambaza. Ndiyo maana ugonjwa huu hupotea miaka mingi kisha unarudi kama mtu aliyekuwa amelala chumba cha pili.

Mwishoni mwa 2006 mvua hiyo ilikuja. Bahari ya Hindi ilikuwa na joto kupita kawaida, Pasifiki nako El Niño, na wataalamu waliokuwa wakisoma picha za satelaiti waliona kinachokuja; kufikia Novemba shirika la FAO lilikuwa limeshatoa tahadhari kwa Pembe ya Afrika. Desemba ugonjwa ukathibitishwa Garissa, Kenya, na hadi Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 234. Kwetu Tanzania wagonjwa wa kwanza waligundulika Januari 2007 katika wilaya za kaskazini. Kisha ukashuka kusini. Dodoma ndiyo iliyoumia kuliko mikoa yote. Ukiangalia ramani, Singida iko hapo katikati, Manyara na Arusha juu yake, Dodoma ubavuni, na ng'ombe wa kanda hii hutembea kutoka mnada hadi mnada bila kuuliza mpaka wa mkoa uko wapi. Ilipofika Juni ugonjwa ulikuwa umeripotiwa katika mikoa 10 kati ya 21 iliyokuwepo Bara, na Singida ilikuwamo.

Sasa, nani aliujua kwanza? Baada ya janga watafiti waliwafuata wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya na kuwauliza mambo yalivyokwenda. Wafugaji wale wana jina lao la ugonjwa, *sandik*, lenye maana ya pua inayotoka damu, na walikumbuka mfuatano mzima. Kutoka mvua kubwa kuanza hadi makundi ya mbu kutokea, kwa wastani siku 24 hivi. Kutoka mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua, siku 17. Kutoka mnyama wa kwanza hadi mtu wa kwanza, siku 17 au 18. Ni kalenda kamili hiyo, haina haja ya satelaiti. Na watafiti hao wakakuta pengo la siku zipatazo 60 kati ya dalili za mwanzo zilizo wazi na hatua za huduma za mifugo. Siku 60! Kwa siku hizo mtu alikuwa ameshachinja, ameshachuna, ameshakamua, ameshaugua na kuzikwa.

Kwetu mfuatano ulikuwa huo huo, ila hakuna aliyekuja kuuandika. Mjomba alisimulia kwamba Januari majirani wawili watatu walilalamika mbuzi wanatupa mimba, mmoja leo, watatu kesho. Mvua ilikuwa imezidi na mbu walikuwa hawavumiliki hata mchana. Kila mtu aliliona hilo, na kila mtu alilisema: kisimani, kilabuni, kanisani baada ya ibada. Halikuvuka hapo. Bwana mifugo alikuwa mmoja kwa kata nzima, na pikipiki yake ilikuwa ikingoja kipuri.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo matangazo ya redio hayakuligusa. Kiswahili kina neno *kibudu*, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Muislamu hali kibudu, na Singida Waislamu na Wakristo tumekaa pamoja kiasi kwamba hata Mkristo wengi wetu tunakionea kinyaa. Basi ng'ombe akianza kulegea, akakataa majani, akatoa makamasi, mwenye ng'ombe ana saa chache za kuamua. Akisubiri, mnyama atajifia na mali yote imekwenda. Akimwahi na kisu, ni nyama halali, ataokoa hata nusu ya bei. Ni busara ya kizazi na kizazi, na kwa magonjwa mengi haina madhara makubwa ukiipika nyama vizuri. Kwa ugonjwa huu ni mtego. Mnyama anapokaribia kufa ndipo damu yake imejaa virusi kuliko wakati wowote, na mtu huambukizwa hasa kwa kushika damu na viungo vya ndani, kupitia mchubuko mdogo tu mkononi au matone yanayorukia macho na mdomo. Kupika kunamsaidia mlaji. Mchinjaji na mchunaji wameshaloa kabla sufuria halijainjikwa.

Mjomba alikuwa na kijana wa kazi. Sitamtaja jina, wazazi wake wapo. Alikuwa mchunaji hodari, anayeweza kuvua ngozi ya dume zima bila kuitoboa, na alikuwa akifanya kazi ile kifua wazi kwa sababu ya joto na kwa sababu shati lilikuwa moja. Mwishoni mwa Februari mjomba alinunua dume kwa bei ya chini, bei ambayo wote wawili, muuzaji na mnunuzi, walijua kwa nini iko chini. Kijana alimchuna. Siku nne baadaye akashikwa na homa na maumivu ya viungo, akapelekwa zahanati, akapimwa, wadudu wa malaria wakaonekana. Akapewa dawa mseto, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutolewa nchini miezi ile kuchukua nafasi ya SP. Siku ya tatu alianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akawa hatambui ndugu zake. Kila mtu alisema kile ambacho kila mtu kwetu angesema: malaria imempanda kichwani. Alikufa kabla ya kufikishwa hospitali ya wilaya. Damu yake haikwenda maabara yoyote.

Miaka mingi baadaye nikiwa chuo nilisoma takwimu za janga lile, na ikabidi niifunge kompyuta kwanza. Kati ya wagonjwa 309 waliohesabiwa nchini, waliothibitishwa maabara 186 na wengine 123 waliokaribia kuthibitika, 169 walikutwa na vimelea vya malaria pia. Ni asilimia 55. Na asilimia 89 walikuwa na dalili za ubongo kuathirika: kuchanganyikiwa, kupoteza fahamu. Waliotokwa damu walikuwa asilimia 10 tu.

Soma tena hizo namba, ndugu msomaji, maana humo ndimo ulimo msiba wote. Redioni nilichokuwa nimekisikia mimi, na ninachokikumbuka hadi leo, ni damu: damu puani, damu mdomoni, ugonjwa wa kutisha kama Ebola. Kijiji kizima kilikuwa kinangoja damu. Mgonjwa halisi, tisa kati ya kumi, alikuja na kichwa kilichochanganyikiwa, na zaidi ya nusu wakaja na kipimo cha malaria kinachosema ndiyo. Mganga wa zahanati mwenye hadubini moja na foleni ya watu hamsini angefanyaje? Mimi simlaumu. Katika nchi ambamo *homa* na *malaria* yalikuwa karibu neno moja, ugonjwa mwingine wenye jina la homa haukuwa na mahali pa kusimama.

Serikali haikukaa kimya, na si haki kuandika kana kwamba ilikaa. Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii, wakati huo chini ya Profesa David Mwakyusa, na Wizara ya Maendeleo ya Mifugo ziliunda kazi ya pamoja, wakaja wataalamu wa WHO, wa CDC ya Marekani na wa FAO, sampuli zikapelekwa Nairobi kwenye maabara ya KEMRI iliyokuwa na uwezo wa kuzipima. Katika maeneo yaliyotangazwa kuathirika uchinjaji ulisimamishwa, minada ikafungwa, mifugo ikazuiwa kusafirishwa. Watu wakaambiwa wasichinje wala kula mnyama mgonjwa, wachemshe maziwa, wapike nyama iive kabisa, walale kwenye chandarua. Yote yalikuwa maagizo sahihi. Gharama ya kudhibiti ilifika karibu dola milioni 4 za Marekani.

Ila angalia jinsi mfumo wenyewe ulivyokuwa. Daktari wa mifugo wa wilaya anaajiriwa na halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Taarifa yake ikienda wizara ya mifugo inakwenda kwa mzunguko. Mganga mkuu wa wilaya naye ana njia yake ya kwenda wizara ya afya. Mbuzi aliyetupa mimba anaingia daftari la huyu, mchunaji aliyechanganyikiwa anaingia daftari la yule, na madaftari hayo mawili yanaweza kukaa katika jengo moja la halmashauri, korido moja, bila kukutana hadi watu wafe. Daubney na Garnham mwaka 1930 walikuwa karibu zaidi kuliko ofisi zetu za 2007.

Chanjo nayo ina kisa chake. Iliyokuwa ikitumika zaidi kwa mifugo ni ya aina ya Smithburn, ambayo asili yake ni virusi vilivyopatikana kwa mbu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Ni virusi hai vilivyodhoofishwa, inalinda vizuri, ila ina kasoro moja: ng'ombe au mbuzi mwenye mimba anaweza kuiharibu kwa sababu ya chanjo yenyewe. Mwambie sasa mfugaji ambaye wiki iliyopita mbuzi wake kumi wametupa mimba kwamba umeleta dawa, na kwamba wale waliobaki wenye mimba huenda nao wakazitupa. Juu ya hapo, sindano ikitoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine katikati ya mlipuko inaweza kubeba ugonjwa wenyewe. Chanjo hii ilipaswa kuchomwa kabla ya mvua, kipindi ambacho hakuna anayeumwa na kwa hiyo hakuna fedha inayotoka. Wanaojua bajeti za serikali, yoyote ile, wataelewa ninachosema.

Na katazo la kuchinja halikuja na fidia, angalau kwetu haikufika. Senta yetu ilikuwa inaishi kwa mnada: mama lishe, wauza kamba, wapiga debe, mwenye mashine ya kusaga, wote walikuwa wanaitegemea Jumamosi moja. Mnada ulipofungwa watu hawakuacha kuuza, walihamia porini, usiku, kwa bei ya kutupa. Nyama isiyo na muhuri ilizunguka kwenye mifuko ya rambo. Mjomba alifunga bucha, na aliwaona waliofunga mlango wa mbele tu. Mjini kwenyewe hofu ilifanya kazi ambayo katazo lilishindwa: walaji walikimbilia samaki na kuku hata kwenye maeneo ambako nyama ilikuwa imekaguliwa. Bei ya jogoo ilipanda. Kwa hiyo ndiyo, wapo wanasingida waliopata chochote mwaka ule, wengi wao akina mama, maana kwetu kuku ni mali ya mama. Bibi yangu aliezeka bati jiko lake kwa fedha za kuku wa 2007. Alituchinjia wawili wa Pasaka huku akihesabu hasara.

Kwa mifugo hesabu ya nchi ni nzito: ng'ombe karibu 17,000 walikufa, mbuzi zaidi ya 20,000, kondoo zaidi ya 12,000, mbali na mimba zilizoharibika ambazo kwa ng'ombe peke yao zilizidi 15,000.

Kwa watu kuna hesabu zaidi ya moja. Taarifa ya WHO ya Mei 2007 ilitaja wagonjwa 264 na vifo 109. Uchambuzi uliotoka baadaye ukataja vifo 144. Lakini 144 kati ya wangapi? Ukigawanya kwa watu wote 511 walioshukiwa, ugonjwa uliua asilimia 28. Ukigawanya kwa wale 309 waliothibitishwa au kukaribia kuthibitika, ni karibu asilimia 47, karibu mtu mmoja kwa kila wawili. Waliokufa ni wale wale. Na kama ungeweza kuongeza chini ya mstari wote waliougua homa ya siku tatu wakapona bila kwenda kokote, maana wengi wa wanaoambukizwa hupona hivyo, asilimia ingeporomoka. Kama ungeongeza juu ya mstari vijana waliozikwa kwa jina la malaria, ingepanda. Kijana wa mjomba hayumo katika 144. Hayumo hata katika 511.

Wengi mnaopita hapa mnakuja kwa ajili ya vitabu, na pengine mnajiuliza haya yanahusianaje. Yanahusiana hivi. Ukimwi uliandikiwa. Tuliosoma sekondari miaka ile tunaikumbuka tamthilia ya *Kilio Chetu*, na William Mkufya akatupa riwaya nzima, *Ua la Faraja*, mwaka 2004. Tulipata maneno ya kuuzungumzia, mazuri na mabaya, tukacheza jukwaani, tukabishana. Homa ya Bonde la Ufa ilikuja miezi sita, ikaua watu wa mbugani wasio na mtu Mlimani wa kuwaandikia, ikarudi udongoni. Makala zake zipo, nyingi na nzuri, karibu zote kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mchunaji wa Iramba hatayaona. Hata kalenda ile ya mvua, mbu, mbuzi, mtu, ambayo ilitoka midomoni mwa wafugaji, imehifadhiwa kwa lugha ambayo wafugaji hawaisomi. Niliwahi kumtafsiria mjomba ukurasa mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Sasa hayo si tuliyajua?"

Mambo yamesogea kidogo tangu hapo. Wataalamu wa Sokoine kupitia kituo chao cha SACIDS walitengeneza programu ya simu, AfyaData, ili watu waliofunzwa vijijini waweze kuripoti dalili za ugonjwa kwa watu na kwa mifugo pale pale wanapoziona. Mwaka 2018 likazinduliwa dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa maana ya kuyakutanisha yale madaftari mawili ya korido moja. Iramba imegawanywa, Mkalama ni wilaya yake sasa, na vituo vya afya vimeongezeka. Mayai yapo palepale.

Mjomba alifungua bucha tena mwezi wa saba mwaka ule. Hakuajiri mchunaji mwingine. Anachuna mwenyewe, na huvaa koti refu la mvua la plastiki hata jua likiwa kali, watu wakimcheka. Dume mwenye bei ya chini hamnunui. Na kuna jambo alilianza bila kuambiwa na mtu wala kusoma popote: akishampasua ng'ombe, kabla hajagusa kitu kingine, kabla hata bwana afya hajafika na muhuri wake, analivuta ini nje kwa ncha ya kisu, analigeuza kwenye mwanga, analitazama. Safari ya mwisho nilipokuwa nyumbani nilisimama pembeni yake alfajiri nikamwona akifanya hivyo. Nikamweleza habari za Naivasha, kwamba wale wazungu nao walianzia hapo hapo, kwenye ini, na nusura ugonjwa upewe jina hilo.

"Lingekuwa jina zuri zaidi," alisema, akalitundika kwenye kulabu.